Mtoto kulia miguu usiku: namna ya kumtuliza, na dalili za kumpeleka hospitali

Mtoto amecheza mchana kutwa, amekula, amelala. Inapofika saa 4 au saa 5 usiku anaamka analia, ameshika vigimbi au mapaja, anasema miguu inauma. Mama anawasha taa na kuangalia. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe, mwili hauna homa. Anamchua kidogo, mtoto anatulia na kulala tena. Asubuhi mtoto yuleyule anakimbizana na wenzake uani kana kwamba usiku hakukuwa na kilio.

Swali hili hutufikia mara kwa mara kutoka kwa wasikilizaji wetu wa Igwachanya na vijiji vya jirani, Makambako na Njombe mjini, hasa miezi ya baridi. Wengine huuliza dawa ya kuchua. Wengine huuliza kama ni malaria, au kama ni kweli mtoto anarefuka. Wapo pia wanaouliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu anamchezea mtoto usiku. Makala haya tumeyaandaa ili majibu yote yapatikane sehemu moja, na mzazi aweze kuyasoma hata saa ile mtoto analia.

Jibu kwa kifupi

Mara nyingi maumivu haya hayana madhara. Hayaharibu mfupa wala misuli, na huisha yenyewe kadiri mtoto anavyokua. Lakini ni maumivu ya kweli. Mtoto hadeki wala hatafuti kubebwa, na anahitaji kusaidiwa. Kumchua, kumkanda kwa kitambaa cha uvuguvugu na kumnyoosha misuli kunawatosha watoto wengi.

Wapo wachache ambao maumivu yao ni dalili ya ugonjwa unaohitaji hospitali, na baadhi yao hawatakiwi kungoja hata siku mbili. Kuwatofautisha si kazi ngumu. Kuna vipimo viwili ambavyo kila mzazi anaweza kuvifanya nyumbani bila kifaa chochote: mkono wako usiku, na hatua za mtoto asubuhi. Tutavieleza hapa chini.

Maumivu haya ni nini hasa

Madaktari huyaita maumivu ya ukuaji. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 3 na 12. Huanza jioni au usiku, na huchukua dakika chache, nusu saa, au mara nyingine hadi saa mbili. Huuma misuli ya mapaja, vigimbi na nyuma ya goti. Kwa kawaida huuma miguu yote miwili, ingawa leo mtoto anaweza kulalamikia mmoja na wiki ijayo akalalamikia mwingine. Huja na kuondoka: anaweza kulia siku mbili mfululizo, kisha akakaa wiki tatu bila shida.

Tatizo hili liko duniani kote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu watoto wa miaka 4 hadi 6 huko Australia ya Kusini ulikuta kwamba zaidi ya mtoto mmoja katika kila watatu alikuwa nalo. Kwa hiyo ukimsikia jirani naye analalamika kuhusu mwanawe, si lazima kuna kitu kimeingia kijijini. Ni jambo la kawaida la utotoni, na mara nyingi baba au mama akiulizwa hukumbuka kwamba naye alilia hivyohivyo akiwa mdogo.

Chanzo chake hakijathibitishwa. Maelezo yanayotolewa zaidi ni uchovu wa misuli baada ya siku ya kukimbia, kuruka na kupanda miti. Wazazi wengi huona kwamba usiku wa kilio hufuata siku ya michezo mingi au mwendo mrefu. Watoto wenye viungo vilegevu, wale ambao vidole na magoti yao hupinda kuliko kawaida, nao huonekana kupata zaidi.

Je, ni kweli mtoto anarefuka?

Wazee wetu husema mtoto akilia miguu usiku basi anarefuka. Si wao peke yao. Daktari mmoja wa Ufaransa, Marcel Duchamp, aliandika kuhusu maradhi ya ukuaji mwaka 1823, na jina hilo limebaki mpaka leo.

Lakini ukiangalia umri, maelezo hayo hayakai sawa. Mtoto hurefuka kwa kasi kubwa kuliko zote katika mwaka wa kwanza, sentimita 25 hivi. Baadaye kasi hupungua, na kati ya miaka 4 na 10 huongezeka sentimita 5 hadi 7 tu kwa mwaka, mpaka anapobalehe ndipo anapochomoka tena. Maumivu haya huja katika kipindi kile cha katikati, wakati mtoto anarefuka polepole, na mara nyingi huisha kabla ya kile kipindi cha kuchomoka. Kama yangekuwa yanatokana na kurefuka, watoto wachanga na vijana wa darasa la saba ndio wangelia zaidi.

Tunalisema hili kwa sababu mkoani kwetu lina uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takribani nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wana udumavu, yaani wamefupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Hii ni licha ya mahindi, viazi, maharage na parachichi tulizonazo. Mzazi asijipe moyo kwamba mtoto anakua vizuri kwa sababu tu miguu inamuuma usiku. Kukua hupimwa kliniki kwa mizani na ubao wa urefu, na huandikwa kwenye kadi.

Kipimo cha kwanza: mkono wako usiku

Mtoto anapolia, kaa naye, mwambie akuonyeshe kwa kidole panapouma. Kisha mshike.

Mwenye maumivu ya kawaida hupenda kushikwa. Ukimchua anatulia, na ukiacha anakuomba uendelee. Akionyesha panapouma, huonyesha eneo pana: paja lote, kigimbi chote. Ngozi haina joto la ajabu, haijavimba, haijawa nyekundu. Goti na nyonga hukunja na kukunjua bila kikwazo.

Mwenye tatizo kubwa hukataa kuguswa. Ukisogeza mkono anapiga kelele au anaurudisha mguu. Akionyesha panapouma, mara nyingi ni sehemu moja tu, palepale kila siku. Unaweza kukuta mahali hapo pana joto kuliko mguu wa pili, au kiungo kimevimba na hakikunjiki.

Kagua nyonga pia. Mlaze chali, mkunje goti hadi lielekee tumboni, kisha uzungushe mguu taratibu ndani na nje. Watoto wengi wenye tatizo la nyonga husema goti ndilo linalouma. Kama goti halina kitu lakini mtoto analia unapozungusha nyonga, mpeleke akapimwe.

Kipimo cha pili: hatua zake asubuhi

Kipimo hiki ndicho kizito kuliko vyote. Asubuhi usimwulize kwanza kama anaumwa, maana mtoto aliyeulizwa anaweza kusema ndiyo ili asiende shule. Mwangalie tu akishuka kitandani, akienda chooni, akikimbilia kuku.

Mwenye maumivu ya kawaida anatembea sawasawa, anakimbia, anaruka, na mara nyingi hakumbuki habari za usiku. Kama anachechemea, kama anakanyaga kwa ncha ya vidole, kama anaomba kubebwa wakati siku nyingine hutembea mwenyewe, au kama anakaa pembeni wenzake wakicheza, basi haya si maumivu ya ukuaji. Hata kama usiku alitulia ulipomchua, kuchechemea asubuhi kunatosha kumpeleka kwenye kituo cha afya.

Namna ya kumtuliza usiku huo

Fanya hatua hizi kwa utaratibu. Kwa watoto wengi, mbili za kwanza zinatosha.

1. Mtulize kwa maneno. Mwambie unajua inauma na kwamba itaisha. Mtoto anayeogopa hukaza misuli, na misuli iliyokazwa huuma zaidi. Kumkaripia kwa sababu anawaamsha wengine hurefusha kilio.

2. Mchue. Paka mafuta ya kawaida mikononi, yale mnayopaka nyumbani, iwe ya nazi, ya alizeti au ya mgando. Sugua viganja vyako mpaka vipate joto. Anza kwenye kifundo cha mguu, panda taratibu kuelekea gotini, kisha toka gotini kuelekea pajani. Tumia kiganja chote, usibonyeze kwa ncha za vidole, na usibonyeze mfupa wa mbele wa muundi. Dakika tano hadi kumi kwa kila mguu zinatosha.

3. Mkande. Chukua maji ya uvuguvugu, chovya kitambaa cha taulo, kamua, jaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako. Kama wewe kinakuchoma, kwake kitaunguza. Mfunike kigimbi au paja kwa dakika kumi, rudia kitambaa kikipoa. Kisha mkaushe vizuri, maana mguu wenye unyevu kwenye baridi ya Juni na Julai utamrudishia usumbufu.

4. Mfunike miguu na kaa naye kidogo. Soksi safi au suruali ya kulalia husaidia.

5. Kama bado analia baada ya hapo, unaweza kumpa dawa ya maumivu kwa kipimo tutakachoeleza.

Kunyoosha misuli jioni

Mwaka 1988 madaktari wa Canada walichapisha matokeo ya jaribio dogo: wazazi wa kundi moja la watoto walifundishwa kuwanyoosha misuli asubuhi na jioni, kundi jingine halikufanya hivyo. Waliokuwa wananyooshwa walipona mapema zaidi. Zoezi hili halina gharama, na linaweza kufanywa mkekani wakati wa hadithi.

Kwa kigimbi: mtoto alale chali, mguu umenyooka. Shika unyayo, sukuma sehemu ya vidole taratibu kuelekea kwenye muundi. Hesabu hadi 20, achia.

Kwa nyuma ya paja: akiwa bado chali, inua mguu mmoja ukiwa umenyooka mpaka aseme unavuta. Hapo usiendelee juu. Hesabu hadi 20, shusha.

Kwa mbele ya paja: alale kifudifudi, kunja goti, peleka kisigino kuelekea kwenye makalio. Hesabu hadi 20, achia.

Fanya mara tatu kila mguu. Mtoto asikie kuvutwa, asisikie maumivu. Mwache yeye ahesabu, ni mchezo na ni somo la hesabu hapohapo.

Dawa ya maumivu na kipimo chake

Dawa inayofaa kwa mtoto nyumbani ni parasetamoli, ambayo wengi wetu huiita Panadol. Kipimo hufuata uzito, si umri peke yake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa mara moja. Dozi moja na nyingine zipishane angalau saa 6, na zisizidi mara 4 kwa siku.

Tuchukue mfano. Mtoto wa kilo 16 anahitaji miligramu 160 hadi 240. Dawa ya maji inayouzwa sana kwenye maduka ya dawa ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Kwa dawa hiyo, mtoto huyu asipewe zaidi ya mililita 10 kwa mara moja. Lakini soma chupa yako, kwa sababu zipo za nguvu tofauti. Pima kwa kikombe au bomba linalokuja na dawa. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Angalia pia kama mtoto anatumia dawa ya mafua. Nyingi zina parasetamoli ndani yake, na ukichanganya unamzidishia bila kujua. Parasetamoli ikizidi huharibu ini.

Dawa hii ni ya usiku mmoja mmoja. Kama mtoto anaihitaji karibu kila siku, hilo lenyewe ni sababu ya kumwona mtaalamu.

Mambo ya kuepuka

Usiingize jiko la mkaa chumbani. Tunajua baridi ya huku, na tunajua wengi hufanya hivyo ili mtoto apate joto. Mkaa ulioshika vizuri hauna moshi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Unatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Katika chumba kilichofungwa, familia nzima inaweza kulala isiamke. Kama mnaota moto, oteni jikoni au nje, na jiko libaki huko.

Usimlaze na chupa ya maji yanayochemka. Chupa ya plastiki hulainika na kuvuja, na mtoto aliyelala hawezi kujiondoa. Kama unatumia chupa, weka maji ya uvuguvugu, ifunge kwenye kanga, na iondoe kabla hajasinzia.

Usimpake mafuta ya taa, wala dawa kali za kuchua za watu wazima. Ngozi ya mtoto ni nyepesi, huungua na kunyonya haraka, na mkono wake huishia mdomoni au machoni.

Usimpe aspirini mtoto aliye chini ya miaka 16 bila daktari kuagiza. Inaweza kusababisha ugonjwa mbaya wa ini na ubongo, hasa akiwa na mafua au tetekuwanga. Usimkatie vidonge vya daiklofenaki vya baba vilivyobaki nyumbani.

Usimpe dawa ya malaria bila kipimo. Wilaya zetu za nyanda za juu zina malaria kidogo kuliko sehemu nyingi za nchi, na kuuma miguu peke yake si dalili ya malaria. Kama ana homa, au alisafiri hivi karibuni kwenda sehemu za joto, apimwe.

Usimchanje chale. Tunaheshimu imani za watu, lakini wembe hauondoi maumivu haya, na unaweza kuacha maambukizi kwenye damu. Mbaya zaidi ni siku zinazopotea kama mtoto kweli ana ugonjwa.

Wakati wa kumpeleka hospitali siku hiyohiyo

Usingoje kupambazuka mara mbili ukiona mojawapo ya haya:

- Ana homa na mguu unauma, hataki kukanyaga wala kuguswa.
- Kiungo au sehemu ya mguu imevimba, ina joto au imekuwa nyekundu.
- Hawezi kutembea kabisa.
- Alianguka au kugongwa, na maumivu yalianza hapo.
- Miguu imelegea au haina nguvu, au anashindwa kuzuia haja.

Homa pamoja na mguu usiokanyagika kunaweza kumaanisha usaha ndani ya mfupa au ndani ya kiungo. Ugonjwa huu huwapata sana watoto wadogo. Ukitibiwa mapema mtoto hupona na kutembea kama wenzake. Ukicheleweshwa kwa siku kadhaa, usaha hula kiungo na mtoto anaweza kubaki na ulemavu wa maisha.

Wakati wa kumpeleka ndani ya siku chache

- Maumivu ni ya mguu mmoja tu, mahali palepale, kila mara.
- Yapo hata mchana, au asubuhi anaamka amekakamaa.
- Anachechemea.
- Anapungua uzito, amechoka, hali chakula.
- Viganja na ulimi vimekuwa vyeupe, au macho yana manjano.
- Ana michubuko isiyo na sababu, au tezi zimevimba shingoni na kwapani.
- Miguu inapinda, ana matege yanayoongezeka.
- Ana umri chini ya miaka 3 na analia miguu mara kwa mara.
- Maumivu yanazidi wiki hadi wiki badala ya kuja na kuondoka.

Nyuma ya dalili hizi kunaweza kuwa na upungufu wa damu, matege yanayotokana na ukosefu wa vitamini D, kifua kikuu cha mifupa, ugonjwa wa viungo, na mara chache saratani ya damu. Si lazima mtoto wako awe na mojawapo. Lakini yote hujulikana kwa uchunguzi na vipimo, na mengi hutibika yakiwahiwa.

Selimundu, ugonjwa tunaousahau huku

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, au siko seli. Inakadiriwa ni zaidi ya watoto 10,000 kila mwaka. Ni ugonjwa wa kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na mtoto husikia maumivu makali ya mifupa.

Ugonjwa huu umeenea zaidi kwa watu ambao asili yao ni maeneo ya malaria nyingi, kama Kanda ya Ziwa na Pwani. Kwa sababu hiyo huku nyanda za juu ni rahisi kutoufikiria. Lakini Makambako ni njia panda ya barabara kuu na kituo cha reli ya TAZARA, na watu wamehamia na kuoana hapa kutoka kila mkoa. Mtoto aliyezaliwa Makambako anaweza kuwa na bibi wa Mwanza na babu wa Tanga.

Dalili ya mwanzo mara nyingi ni viganja na nyayo kuvimba na kuuma, kati ya miezi 6 na miaka 2. Baadaye huja maumivu ya miguu, mikono, mgongo na kifua, macho ya manjano na damu kupungua. Baridi na kukosa maji mwilini huamsha maumivu hayo. Hivyo mzazi anayesema "mtoto wangu hulia miguu kila baridi ikiingia" tunamshauri aangalie macho na viganja vya mtoto, na akumbuke kama katika ukoo kuna mtoto aliyefariki mdogo kwa kupungukiwa damu. Kipimo ni cha damu. Ukijulikana mapema, kuna chanjo, dawa za kuzuia maambukizi, na dawa ya haidroksiurea inayopunguza maumivu.

Utakapofika kwa mtaalamu

Anzia zahanati ya kijiji au kituo cha afya. Wakiona haja, watakuandikia rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi, kwa mfano Hospitali ya Ilembula kwa wakazi wa Wanging'ombe, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe. Kwa sera ya afya ya Tanzania, mtoto aliye chini ya miaka mitano ana msamaha wa malipo katika vituo vya serikali. Ukosefu wa fedha usikufanye ukae nyumbani bila kuuliza.

Nenda na kadi ya kliniki. Kwenye daftari andika mambo manne kwa kila usiku aliolia: tarehe, saa, mguu upi, na asubuhi alitembeaje. Wiki mbili za maandishi hayo zitamsaidia mtaalamu kuliko kusema "analia sana". Kama una simu ya kupiga picha, mchukue video akitembea asubuhi, kwa sababu watoto wengi wakifika mbele ya daktari hutembea vizuri ghafla.

Kama mtoto analelewa na bibi, aende naye yule aliyelala naye, au walau aandikiwe anachokiona. Mama anayerudi kutoka mjini mwisho wa mwezi hawezi kujibu maswali ya usiku.

Kama maelezo yanaonyesha maumivu ya ukuaji na uchunguzi hauna kasoro, mtaalamu anaweza kukurudisha nyumbani bila kipimo cha damu wala picha. Hajakudharau. Kwa maumivu haya, picha na damu huwa safi.

Maswali tunayoulizwa mara nyingi

Je, baridi ndiyo inayoleta? Haijathibitishwa kuwa chanzo. Lakini misuli yenye baridi hukaza, na miguu yenye joto hulala vizuri. Kumvalisha suruali na soksi jioni hakuna hasara.

Je, nimpe maziwa au vidonge vya kalisiamu? Mlo mzuri unamfaa kwa kila hali: mayai, dagaa, maziwa, maharage, mboga za majani na matunda pamoja na ugali au viazi. Vidonge usinunue kwa kubahatisha. Mwache pia apate jua miguuni na mikononi mchana, kwa sababu ngozi hutengeneza vitamini D kwa jua, na miezi ya ukungu watoto wetu hufunikwa sana.

Je, nimzuie kucheza? Hapana. Mtoto mwenye maumivu ya ukuaji aendelee kukimbia na kwenda shule. Siku alizotembea sana, mchue na kumnyoosha kabla hajalala, bila kungoja alie.

Je, yataisha lini? Kwa wengi hupungua mwaka hadi mwaka na kwisha kabla ya ujana. Hayaachi ulemavu, na hayamzuii kuwa mrefu.

Je, nimwamini akisema inauma wakati sioni kitu? Ndiyo. Mtoto wa miaka minne hana sababu ya kuukatisha usingizi wake mtamu ili akudanganye. Mshike usiku, mwangalie asubuhi. Akipenda kushikwa na akaamka akikimbia, una haki ya kulala kwa amani. Akikataa mkono wako au akiamka akichechemea, funga kanga, beba kadi, mwende kituoni.

Makala haya ni ya kuelimisha, hayachukui nafasi ya mtaalamu wa afya aliyemwona mtoto wako.